Kumwaga oili: nyumbani, sheli au kwa fundi wa mtaani?

Injini ya 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye IST, Probox, Raum, Ractis, Fielder na Premio za cc 1500, inachukua lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta, na lita 3.4 ukiiacha filta ya zamani. Kopo kubwa linalouzwa dukani kwa kawaida ni la lita 4. Kwa hiyo kila gari la aina hii linapomwagwa oili, lazima robo lita na ushee ibaki kwenye kopo. Ukirudishiwa kopo tupu, ujue moja kati ya mawili: ama injini imezidishiwa, ama kilichobaki kimeondoka na mtu mwingine.

Tumeichukua injini hiyo kuwa mfano kwa sababu huwezi kusimama kwenye foleni ya Dar es Salaam au Mombasa bila kuiona mbele, nyuma na pembeni yako. Mwenye gari la injini nyingine atazame kiasi chake kwenye kitabu cha gari, kwani mengi ya hapa yatamhusu vilevile.

Wengi hulijibu swali la wapi umwagie oili kwa kutazama hela, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Oili na filta utazilipia popote utakapokwenda. Unachookoa nyumbani ni ufundi tu, na kumwaga oili ni miongoni mwa kazi za bei ndogo kabisa gereji. Ukinunua jeki nzuri, stendi mbili, spana na kikombe cha kufungulia filta, utamwaga oili miaka kadhaa kabla vifaa havijarudisha fedha yake. Faida ya nyumbani iko kwingine: una uhakika kwamba oili iliyoingia ni ile uliyofungua kopo lake kwa mkono wako, kwamba filta imebadilishwa kweli, na kwamba nati ya sampu (ya kumwagia oili, kwenye bakuli lililo chini ya injini) imekazwa kwa kiasi. Pima kila njia kwa mambo hayo matatu, kisha ndipo uhesabu shilingi.

Nyumbani

Sharti la kwanza ni sakafu. Ujuzi utaupata kwa mara mbili tatu, lakini uwanja wa mchanga au udongo haugeuki kuwa saruji. Jeki huzama taratibu kwenye ardhi laini na stendi huinama. Kama huna sehemu ngumu na tambarare, acha mpango huu na usome sehemu ya fundi wa mtaani. Na tofali la saruji si stendi. Hubeba uzito vizuri mpaka linapopasuka, na halitoi ishara yoyote kabla. Usiingize hata bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Vifaa ni vichache: soketi au spana namba 14, kikombe cha filta (kwa filta nyingi za injini hii ni cha milimita 65, lakini kijaribishe dukani juu ya filta mpya kabla hujalipa), beseni pana la lita 5 au zaidi, faneli, glavu, matambara, na washa mpya ya nati ya sampu yenye tundu la milimita 12. Hiyo washa ndiyo watu huisahau. Hutengenezwa ili ibonyee mara moja na kuziba, na ukirudisha ya zamani mara mbili tatu nati huanza kutokwa jasho. Hapo mtu hudhani dawa ni kukaza zaidi.

Washa injini dakika tatu hadi tano, oili ipate uvuguvugu na uchafu uelee ndani yake. Usiimwage gari likitoka safari ndefu, maana oili ya moto sana huunguza ngozi. Zima, vuta hendibreki, weka gia kwenye P, kabari nyuma ya tairi za nyuma. Nyanyua mbele, weka stendi mbili kwenye sehemu zilizotengenezwa kwa ajili ya jeki, shusha uzito ukae juu ya stendi, kisha litikise gari kwa nguvu. Kama litacheza, lichezee ukiwa nje. Fungua kifuniko cha oili juu ya injini ili hewa iingie.

Chini ya gari, jiulize kwanza kama nati unayoitazama ni ya injini au ya gia. Kosa hili hutokea kila siku, na gharama yake ni kubwa kuliko oili mara nyingi. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia. Mafuta ya gia ya otomatiki kwa kawaida huwa na wekundu au rangi ya waridi. Yakianza kutoka hayo, rudisha nati haraka na usiwashe gari mpaka kiasi kilichomwagika kirudishwe.

Nati hufunguka kinyume cha mshale wa saa, ukiitazama uso kwa uso. Aliyelala chali hupoteza mwelekeo kirahisi akaikaza huku akidhani anafungua. Ikifika nyuzi za mwisho, isukume ndani huku ukiizungusha kwa vidole, halafu iondoe kwa mkupuo mmoja kando. Oili hutoka unene wa kidole na kuruka mbali na tundu, kwa hiyo beseni likae mbele kidogo ya upande tundu linakoelekea, kisha ulivute nyuma kadiri mkondo unavyokonda. Baadaye unakuwa uzi, halafu matone. Subiri robo saa.

Wakati unasubiri, sugua tone kati ya vidole viwili kwenye mwanga. Weusi si tatizo, maana oili inayosafisha lazima ichafuke. Ukiona vumbi la kung'aa kama lulu iliyosagwa, chuma kinasagika ndani. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na oili mpya haitaponya kitu mpaka fundi atafute yanakopitia.

Sasa filta. Ilegeze, iache ichuruzike, kisha iondoe na ugeuze mdomo wake juu uutazame. Pete nyeusi ya mpira iwe pale. Isipokuwepo, imebaki imeng'ang'ania kwenye uso wa injini, imelala kimya na kufanana na chuma chenyewe kwa oili iliyoipaka. Ukifunga filta mpya juu yake utakuwa na pete mbili zinazoteleza moja juu ya nyingine. Injini ikiwaka na shinikizo kupanda, moja husukumwa pembeni na oili yote hutoka kwa dakika chache, mara nyingi gari likiwa limeshafika barabarani. Pitisha kidole kuzunguka uso wa injini, ufute kwa kitambaa, ndipo uendelee. Paka oili mpya kwenye pete ya filta mpya, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie kikombe kuikaza. Kikombe ni cha kufungulia.

Nati ya sampu inataka takribani Nm 38 (newtoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Bila toki renchi (spana inayopima nguvu hiyo), hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 19 hivi mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20. Mkono mmoja unatosha, na huhitaji kupigilia mguu.

Mimina lita 3.3 kwanza, funga kifuniko, washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, na isipozima zima wewe. Acha injini ingurume dakika moja au mbili huku ukichungulia nati na filta. Zima, shusha gari likae sawa, subiri dakika tano, futa kijiti cha kupimia oili, pima, ongeza kidogokidogo mpaka karibu na alama ya juu. Usiivuke. Oili ikizidi sana hufikiwa na krenkishafti, ikapigwa mpaka ikatoa povu, na povu halijengi shinikizo. Nyingine hupanda kwenye njia ya mvuke ikaungua kwenye silinda, na sili huanza kuvuja.

Kuna njia ya pili ya nyumbani: pampu ya kunyonya oili kupitia tundu la kijiti. Haihitaji jeki wala kulala chini, na kwa baadhi ya magari ya Ulaya ambayo filta yao iko juu ya injini ni njia nzuri sana. Kwa 1NZ-FE haisaidii kitu, kwani filta hufikiwa kutoka chini, kwa hiyo utaingia chini tu. Tena tope zito lililolala sakafuni mwa sampu hubaki hapohapo.

Sheli

Kituo cha mafuta chenye shimo la huduma kinafaa kwa mtu mwenye haraka na asiye na uwanja. Oili yao kwa kawaida ni ya kampuni yenye kituo, kopo huja limefungwa, na mara nyingi ufundi ni bure ukinunua oili kwao. Kwa uhakika wa oili pekee, sheli inayoheshimika huishinda gereji nyingi.

Udhaifu upo kwenye filta na uzito wa oili. Utapewa filta iliyopo stoo, na oili iliyopo stoo, hata kama ni 20W-50 na kitabu chako kinasema 5W-30. Nenda na filta yako mkononi, na uliza namba ya oili kabla gari halijapanda shimoni. Kama wanachota kwenye pipa badala ya kufungua kopo, omba kopo. Na waambie waishie lita 3.5, kisha mpime pamoja kwa kijiti.

Fundi wa mtaani

Fundi mwenye shimo ana kitu ambacho wewe na sheli hamna: jicho. Akiwa chini ya gari huona mpira wa draivishafti uliochanika kabla jointi haijaanza kulia, huona shokomzoba inayovuja na bushi iliyokwisha. Dakika hizo kumi za kutazama zina thamani kuliko oili yenyewe kwenye gari lenye umri wa miaka 18 au 20. Kwa mwenye gari asiyejua kusoma anachokiona huko chini, fundi mzuri ni chaguo bora kuliko kujifanyia mwenyewe.

Lakini lete oili na filta yako, simama pale, na kataa mambo mawili.

La kwanza ni kuosha injini kwa dizeli. Bado wapo wanaomwaga oili, kumimina lita kadhaa za dizeli, kuunguruma dakika chache na kumwaga tena. Dizeli ni nyembamba mno kushikilia beringi zikizunguka. Isitoshe, haitoki yote. Inayobaki kwenye njia za ndani huchanganyika na oili mpya na kuilainisha tangu siku ya kwanza. Pia hung'oa vipande vya tope la zamani, na vipande hivyo huenda kuziba wavu wa pampu au kichujio kidogo cha vali ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali za injini kufunguka). Injini yenye tope husafishwa kwa kumwaga oili nzuri mara mbili au tatu kwa vipindi vifupi vya kilomita 1,000 au 2,000.

La pili ni mashine ya hewa kwenye nati ya sampu. Kuifungulia si vibaya sana, ila kuifungia hula meno ya tundu, na uharibifu hauonekani siku hiyo. Utaonekana safari inayofuata, nati itakapozunguka bila kukamata, na fundi wa zamu hiyo ndiye atakayelaumiwa. Mwambie fundi kwa upole, aanze kwa vidole na amalizie kwa spana. Fundi anayejali kazi yake hatakasirika.

Omba pia kuiona filta ya zamani ikiwa nje. Kuifuta vumbi na kuirudisha ni kazi ya dakika moja, na ukiwa umekaa kwenye benchi la nje hutajua.

Oili ipi

Hapa ndipo mabishano huwa makali, na sentensi inayorudiwa ni hii: nchi zetu za joto, weka oili nzito. Haisimami. Injini ikishachemka hujiendesha kwenye joto lake, likidhibitiwa na themostati, iwe Tanga au Makete. Namba ya pili kwenye kopo hupimwa kwenye nyuzi joto 100. Oili ya 30 huwa na mnato wa senti-stoki 9.3 hadi 12.5, ya 50 huwa 16.3 hadi 21.9, yaani karibu mara mbili. Injini ya 1NZ-FE ilichongwa ikitarajia ile nyembamba. VVT-i husukumwa na shinikizo la oili, na kikaza mnyororo wa taimingi vilevile. Oili nzito huchelewa kufika huko, ndiyo sababu ya ule mlio wa kukwaruza wa sekunde mbili asubuhi, na injini huchoma petroli zaidi kuisukuma tu.

Namba yenye W inahusu ubaridi. Pwani namba hiyo haina uzito mkubwa. Njombe au Nairobi mwezi Julai, 5W na 20W utazitofautisha kwa sikio.

Kwa hiyo 5W-30 ndiyo chaguo la kwanza. 10W-40 inakubalika kwa injini iliyochoka inayopunguza oili kidogo kabla ya kumwagwa tena. 20W-50 iachie injini za zamani zilizoandikiwa hivyo. Kama gari linakunywa nusu lita kwa kila kilomita 1,000, pete za pistoni au sili za vali zimekwisha, na oili nzito inaficha tu.

Herufi za API (taasisi ya petroli ya Marekani inayoweka viwango vya oili) nazo zisome. Kwa petroli huanza na S: SN ni ya mwaka 2010, SP ya 2020, na zote zinafaa. Kopo lenye SF limeandikwa kiwango cha miaka ya 1980, liache rafuni hata kama ni rahisi. Zinazoanza na C pekee ni za dizeli.

Kuhusu sinthetiki na ya kawaida: sinthetiki hustahimili joto na kuoza polepole zaidi, lakini haimzidi mtu anayebadilisha kwa wakati. Tungechagua oili ya kawaida au nusu sinthetiki ya 5W-30 kila kilomita 5,000 kabla ya sinthetiki ghali inayosukumwa mpaka 10,000 kwenye vumbi na foleni. Hesabu saa badala ya kilomita: kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa mjini, kilomita 5,000 ni saa 333 za injini kuunguruma. Kwa mwendo wa 60 barabara kuu, ni saa 83. Kibandiko cha fundi huandika 5,000 kwa wote wawili. Anayefanya teksi mjini huku AC ikiwaka asiongeze hata kilomita moja juu ya hapo. Na gari linalokaa tu, miezi sita isipite.

Filta

Filta bandia ni hatari kuliko oili ya bei nafuu, kwa sababu kopo la chuma likishapakwa rangi huwezi kuona kilichomo. Filta za Toyota za aina hii ya kopo namba zake huanza na 90915, lakini namba hata bandia inayo. Chungulia matundu ya mdomoni: nyuma yake lazima kuwe na mpira laini unaoyafunika, unaobonyea kwa kijiti na kurudi. Ndio unaozuia oili kushuka yote gari likilala. Ukiwa mgumu kama plastiki, au haupo, utasikia mkwaruzo kila asubuhi. Nyuzi za ndani ziwe safi bila vumbi la chuma.

Wenye Premio, Allion au Fielder za cc 1800 zenye injini ya 2ZR-FE hali yao ni tofauti. Filta yao ni karatasi tupu, namba huanza na 04152, inayokaa ndani ya kifuniko chake. Injini inachukua lita 4.2, kwa hiyo kopo moja la lita 4 halitoshi, nunua na la lita moja. Kifuniko hukazwa kwa Nm 25 tu na oringi hubadilishwa kila mara. Oringi iliyokaa nje ya mfereji wake hukatwa wakati wa kukaza. Kwa injini hii, anayeanza aende kwanza kwa fundi mwenye kikombe sahihi, atazame, na ajaribu nyumbani safari inayofuata.

Aliyemwagia nyumbani ana jambo moja ambalo wengine humwachia fundi au sheli: oili chafu. Usiimwage mtaroni, chooni wala kwenye shimo la taka. Lita moja inaweza kuharibu maji ya kisima cha mtaa mzima. Ihifadhi kwenye kidumu kilichokuwa cha oili, kisiwe cha maji ya kunywa kamwe, na ipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Filta igeuzwe mdomo chini usiku kucha ichuruzike kwanza.

Andika kilomita na tarehe kwenye karatasi ubandike ndani ya boneti. Halafu tandaza kadibodi chini ya injini kabla hujalala. Asubuhi, tone moja linaweza kuwa ni lile lililobaki juu ya kava la chini. Matone yakiwa yamejipanga chini ya nati au filta, usiwashe gari.